Moshi unatoka, Moshi iko Kilimanjaro: nilivyofundisha majina ya pekee darasa la pili

Kwa miaka mingi nilikuwa mwalimu wa Kiswahili wa madarasa ya juu. Darasa la sita ukitamka tu "jina la pekee", watoto wanakumalizia sentensi: ni jina la mtu, mahali au kitu kimoja, na huanza kwa herufi kubwa. Kwa hiyo nilipopangiwa darasa la pili katika shule moja ya msingi hapa Mwanza, nikakuta kwenye azimio la kazi matumizi ya herufi kubwa katika majina ya pekee, sikuhangaika hata kuandaa zana. Kipindi cha darasa la pili ni dakika 30. Niliona nyingine zitabaki.

Zilibaki kweli, siku ya kwanza. Niliandika maana ubaoni, nikaweka mifano: Asha, Mwanza, Mlima Kilimanjaro, Ziwa Victoria, Januari. Watoto karibu mia wakasoma kwa pamoja, wakanakili, nikapitisha vema kwenye madaftari na kurudi ofisini nimeridhika. Kesho yake nikawapa imla fupi: Asha anaishi Mwanza na mama yake. Wana mbuzi wawili na tembo mmoja. (Tembo niliwawekea ili wacheke.)

Nilipokusanya madaftari sikuwa na la kucheka. Asha aliandikwa kwa a ndogo, Mwanza kwa m ndogo, lakini Mama alikuwa na M kubwa karibu kila daftari, na Tembo vilevile. Mbuzi walikuwa na m ndogo. Nilidhani wamebahatisha, mpaka nilipomwita binti mmoja na kumuuliza kwa nini tembo amepewa herufi kubwa. Alinishangaa kwa swali langu. "Mwalimu, tembo si mkubwa?"

Ndivyo walivyonielewa. Nimesema herufi kubwa, nao wakazigawa kwa vitu vikubwa: mama, tembo, basi, mwalimu mkuu. Asha ni mtoto, atapewaje herufi kubwa? Kama unaanza kufundisha leo, usilichukulie hili kama utani. Kwa mtoto wa miaka saba au nane neno "kubwa" lina maana moja anayoijua tangu anatambaa, na usipomwonyesha maana nyingine atakwenda na hiyo. Mimi sasa naandika jina la sisimizi aliyepewa jina, na neno tembo tu kwa tembo asiyepewa jina, ubao mmoja, kabla hata sijataja kanuni yoyote.

Pigo la pili lilikuja nilipojaribu kurekebisha. Nilisisitiza kuwa jina la pekee ni la mtu mmoja tu, kitu kimoja tu. Mvulana wa dawati la nyuma akanyoosha kidole. "Mwalimu, mbona humu tuna Kulwa watatu?"

Wasiojua Usukumani niwaeleze. Pacha wa kwanza kuzaliwa ni Kulwa, wa pili ni Doto, na mtoto anayewafuata ni Shija. Jina linakuja lenyewe kwa mpangilio wa kuzaliwa, kwa hiyo ukiwa na darasa la watoto karibu mia, Kulwa, Doto na Shija hawawezi kukosekana, tena si mmoja mmoja. Wale Kulwa watatu waligeuka kutazamana. Maana niliyoandika ubaoni, ile ile ya vitabuni, ilikuwa imeangushwa na mtoto ambaye bado anaandika herufi "s" ikiwa imegeuka nyuma. Nilijibu kama tunavyojibu walimu tukibanwa: kaa chini, hilo tutaliona kesho.

Ofisini kuna mama mmoja aliyefundisha madarasa ya chini tangu mimi nikiwa mwanafunzi. Nilimsimulia. Hakuacha hata kusahihisha madaftari yake. "Achana na habari ya mmoja mmoja, mwanangu," alisema. "Waulize jina hilo nani alilitoa."

Nililala nikiliwaza, na asubuhi nikaona lilivyo jepesi. Mbuzi wanaitwa mbuzi kwa sababu ni mbuzi. Hakuna aliyekaa akawapa. Kulwa alipewa jina siku aliyozaliwa, na mtu aliyempa yupo, anajulikana. Kulwa mwingine naye alipewa na watu wengine, siku nyingine. Wakiwa watatu au mia, kila mmoja alipewa lake. Tangu siku hiyo sisemi tena "jina la kitu kimoja tu" kwa watoto wadogo. Nasema jina la kupewa, na la pili nasema jina la aina. Wakifika darasa la tatu na la nne watajifunza istilahi zenyewe na hawatapata shida.

Ili waone kwa macho yao jinsi jina linavyotolewa, tulitoka nje. Shuleni kulikuwa na paka aliyependa kulala chini ya dirisha la stoo, hana mwenyewe wala jina. Niliwaambia tutampa jina leo. Yakapendekezwa mengi, wakapiga kura kwa kunyoosha mikono, na jina lililoshinda likawa Chai, kwa sababu ya rangi yake ya chai ya maziwa. Mimi nilitaka jina lingine lenye heshima kidogo. Leo namshukuru aliyelitaja.

Maana tuliporudi darasani nilisikia kitu ambacho kwa miaka yote ya kufundisha upatanisho wa kisarufi madarasa ya juu sikuwahi kukisikiliza. Mtoto alipiga kelele: "Mwalimu, Chai amelala!" Mwingine: "Chai amekimbia!" Hakuna hata mmoja aliyesema "Chai imelala". Watoto hawa hawajui ngeli ni nini. Nyumbani wanasema chai imemwagika, chai imepoa, chai ina sukari nyingi. Lakini mara tu neno lilipokuwa jina la paka, midomo yao yenyewe ilibadilisha kitenzi. Walikuwa wanajua tofauti ya jina la kupewa na jina la aina tangu kabla hawajaja shule. Kazi yangu ilikuwa kuwaonyesha kwamba wanajua.

Kuanzia hapo niliacha kalamu kwa muda na kufundisha kwa masikio. Mchezo wenyewe hauna gharama. Mwalimu anasema sentensi, watoto wanaonyesha kikombe kwa mkono kama ni chai ya kunywa, au wanalia kama paka kama ni Chai. "Jana chai ilipoa." Mikono ya vikombe. "Jana Chai alikula panya." Darasa zima linalia nyau, na mwalimu wa darasa la jirani anachungulia dirishani kuona kuna nini. Kisha tukaja kwa majina yaliyomo darasani: Baraka, Furaha, Neema, Zawadi, Rehema. Zawadi imefika, Zawadi amefika. Furaha imezidi, Furaha amezidi kwa utundu. Kiswahili kina hazina kubwa ya majina ya namna hii, na mwalimu hana haja ya kuyatafuta mbali, yamo kwenye daftari la mahudhurio.

Siku nyingine nikapanda hadi majina ya miji. Moshi unatoka jikoni. Moshi iko mkoa wa Kilimanjaro. Tanga la mashua limechanika. Tanga ina bandari. Kigoma kimepasuka, yaani ngoma ndogo. Kigoma imepata mvua. Watoto walioishi Igogo na Kirumba, karibu na ziwa, walilijua tanga vizuri kuliko mimi. Angalia linalotokea: neno likishapewa mji linaacha ngeli yake. Moshi inavua u-, Tanga inavua li-, Kigoma inavua ki-, zote zinavaa i-. Hili sikuwafundisha kwa maneno haya, wangelala. Niliwauliza tu: kilichopasuka ni nini, mji au ngoma?

Halafu mpira. Hapa huhitaji kushawishi mtu. Simba amekula swala, Simba imefungwa. Darasa likagawanyika mara moja kwa shangwe na kuzomea, na nilihitaji muda kulituliza, lakini hakuna aliyekosea kitenzi. Mmoja akauliza klabu hiyo nani aliipa jina la mnyama. Nikawaeleza kwamba zamani iliitwa Sunderland, na jina la Simba lilikuja mwaka 1971. Kumbe jina la kupewa linaweza kuondolewa, kukawekwa lingine. Mnyama simba hawezi kuamka kesho akaitwa aina nyingine. Hoja hiyo ilitoka kwao.

Nisiifanye njia hii ionekane haina matundu. Majina ya mahali yenye -ni mwishoni hayasaidiki kwa kitenzi. Mtaa wa Mabatini upo hapa jijini, na mtoto akisema "Mabatini kuna joto" huwezi kujua kwa sikio kama anazungumzia mtaa au juu ya paa. Majina ya watu kama Simba na Chui yanapatana sawasawa na wanyama wenyewe, kwa kuwa wote ni a-. Na Jumanne ndiyo tamu zaidi, kwa sababu siku na mtu aliyezaliwa siku hiyo wote wanaandikwa kwa J kubwa, kitenzi tu ndicho kinachotofautisha: Jumanne imefika, Jumanne amefika. Kitenzi kikishindwa, turudi kwenye swali la yule mama wa ofisini: jina hili nani alilitoa?

Kwa majina ya mahali swali hilo linazaa hadithi, na hadithi zinakaa kichwani. Kisiwa cha Saanane wanakiona kila wakienda mjini. Jina lake limetokana na mzee Saanane aliyeishi pale kabla ya kisiwa kugeuzwa makazi ya wanyama. Ziwa lilipewa jina la Victoria na Mwingereza John Speke mwaka 1858, kwa heshima ya malkia wa kwao, na wavuvi waliokuwepo walikuwa na majina yao tayari. Watu wengi wa ukanda huu waliliita Nyanza, na katika lugha kadhaa za hapa nyanza ni ziwa tu, maji mengi. Kwa hiyo anayesema Ziwa Nyanza anasema ziwa ziwa. Walicheka sana kwa hilo, na mmoja akauliza kama na sisi tuliandike paka wetu "Paka Chai" au "paka Chai". Swali zuri kuliko alivyodhani. Ziwa likitangulia jina lake na kuwa sehemu ya jina, Ziwa Victoria, hupata herufi kubwa. Likisimama peke yake, "tulioga ziwani", linabaki dogo. Paka wetu hakupewa jina la "Paka Chai", alipewa Chai, kwa hiyo p ndogo.

Tuliporudi kwenye kuandika, herufi kubwa ilikuwa imepungua ugumu. Niliwaambia ni alama tunayoliwekea jina la kupewa ili msomaji ambaye hatusikii ajue. Lakini kulikuwa na mitego miwili ambayo sijaona mtu akiionya.

Wa kwanza ni mwanzo wa sentensi. Ukiandika ubaoni "Chai imepoa" na "Chai amelala", zote zina C kubwa, na mtoto makini atakuuliza kwa nini chai ya kunywa nayo imepewa. Weka jina katikati ya sentensi kila mara mpaka wazoee: jana chai, jana Chai. Nilipoteza vipindi kadhaa kwa kutolijua hili.

Mtego wa pili ni wa kwetu wenye Kiswahili. Tunafundisha kusoma kwa sauti na silabi: cha, sha, nya, ng'a. Mtoto anajua "ch" ni sauti moja, na kwake ni kitu kimoja. Ukimwambia aanze jina kwa herufi kubwa anaandika CHausiku, SHija, NYamagana. Kwa mantiki yake amefuata sheria kikamilifu. Niliwahi kuwakata alama kwa hilo na nikajuta, kwa kuwa walidhani wamekosea jina lenyewe na wengine wakarudi kuandika yote kwa herufi ndogo. Dawa yake ni kulitenganisha kwa makusudi: sauti moja, herufi mbili, ya kwanza ndiyo inayobadilika. Waandike Chausiku, Shija, Nyamagana na Ng'wandu mara nyingi kwenye kipande cha boksi kabla ya daftari.

Nilijaribu pia kuwapeleka barabarani wasome majina kwenye mabango. Usifanye hivyo mwanzoni. Mabango karibu yote yameandikwa kwa herufi kubwa tupu, DUKA LA DAWA, SALUNI YA KIUME, HAPA SI JALALA, na watoto walirudi na hitimisho kwamba kila neno la barabarani ni jina la pekee. Kitabu cha hadithi chenye picha kinafaa zaidi, hata kikiwa kimoja kwa darasa zima na wewe unakipitisha.

Sasa niseme lile ambalo hadi leo linanikera nikilikumbuka. Katika msisimko wa Baraka na Furaha nilimfikia mtoto mwenye jina la kundi lingine. Jina lake silitaji, ila ni ndugu wa Shida, Tabu na Mashaka. Nilitunga sentensi mbili kama nilivyozoea. Darasa lilicheka, mimi nikaona ni kicheko kile kile cha paka, nikaendelea. Mapumziko wakamzunguka wakiimba sentensi yangu. Siku zilizofuata nilipoita majina asubuhi hakuitika, mpaka nikadhani hayupo, kumbe amekaa ameinamia dawati.

Bibi yake alikuja shuleni. Nilimwamkia, akaitikia marahaba kwa upole, akakaa kwenye kiti nilichompa. "Mwalimu, mjukuu wangu anataka jina jingine," alisema. "Jina hilo nilimpa mimi." Akanieleza. Mama wa mtoto alishikwa na uchungu usiku wa mvua, barabara imekatika, wakapata taabu ya kumfikisha hospitali. Alipopona yeye na mtoto, bibi akasema taabu ibaki kwenye jina, isimfuate mtu. Nilimwomba radhi, na nilimwomba mtoto radhi mbele ya wenzake, nikiwaeleza, kwa ruhusa ya bibi, kwamba jina hilo lilitolewa kwa shukrani. Utani ulipungua. Haukuisha. Mwishowe mtoto aliomba tumwite kwa jina la ubatizo, na ndilo ninalomwitia hadi sasa.

Kwa hiyo kabla ya kutumia majina ya watoto kama mifano, yapitie yote kwanza ukiwa peke yako. Anza na lako. Yenye maana nzito yaache, hata kama kisarufi ni mifano mizuri, na mengi ni mazuri kweli. Baraka na Neema wanatosha kufundisha kitu kile kile bila kumuumiza mtu.

Kazi ya nyumbani nayo ilinifunza. Niliwaagiza waandike jina la baba na la mama. Niliona ni zoezi jepesi: kila mtoto ana mifano miwili kwao. Madaftari yalirudi na "Baba Shija", "Mama Kulwa", "Baba", na kurasa tupu. Mvulana mmoja niliyemdhania mvivu aliniambia kwa sauti ndogo kwamba baba hatajwi, si adabu. Ni kweli, nyumba nyingi mtoto hamtaji mzazi kwa jina, na wapo wasiolijua kabisa kwa kuwa hawajawahi kulisikia likiitwa mbele yao. Baba anaitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Wapo pia wanaolelewa na bibi, wapo ambao jina la baba ni jambo lisilozungumzwa nyumbani. Mimi nilikuwa nimewaletea watoto hao swali la kuwaliza, kwenye daftari, na mwisho kuna alama.

Agizo nililibadilisha: jina la kiumbe chochote cha kwenu kilichopewa jina. Yakaja ya dada wadogo, mbwa, ng'ombe, na mtumbwi mmoja. Suala la majina ya wazazi nililipeleka kwenye kikao cha wazazi, kwa sababu lina umuhimu wake. Mtoto akipotea sokoni, askari atamuuliza baba yako nani, naye atajibu "Baba". Niliwaomba wazazi wenyewe wawafundishe watoto majina yao kamili na kuwaruhusu kwa kinywa chao kuyataja wakiulizwa na askari, muuguzi au mwalimu. Likitoka kwa mzazi, mtoto anajua hajavunja heshima. Baba mmoja alisimama kupinga, wengine wakamjibu, nami nikanyamaza.

Maswali magumu zaidi yalikuja mwishoni, walipokuwa wameshaelewa. Mtoto ambaye baba yake anaendesha bajaji aliuliza kama bajaji iandikwe kwa herufi kubwa. Yeye mwenyewe alikuwa ameona neno hilo limeandikwa kwenye chombo. Nilimwambia ndiyo, Bajaj ni jina la kampuni ya India. Akafikiri, akasema: "Lakini ya baba ni TVS, na inaitwa bajaji." Sikuwa na la kuongeza. Ni jina la kupewa lililogeuka kuwa jina la aina, na mtoto alikuwa ameligundua kwa kuangalia chombo cha baba yake. Tukakubaliana b ndogo. Wenzake wakaleta kalamu za biki ambazo hazikutengenezwa na Bic, tukazifanyia vilevile.

Na Mtanzania? Tumesema mtu ni jina la aina, Mtanzania naye ni aina ya mtu, Watanzania wako mamilioni, mbona M kubwa? Vitabu vinaposema majina ya pekee hayana wingi, mtoto mwerevu ataleta Watanzania na Wasukuma mbele yako. Jibu ninalotumia ni kwamba ndani ya Mtanzania mna jina la kupewa, Tanzania, nalo limekuja na herufi yake. Ndani ya Kiswahili na Mswahili mna Waswahili, ndani ya Kisukuma mna Wasukuma. Kwa darasa la pili linatosha. Wakitaka jina la nchi nalo nani alilitoa, unalo la kusimulia: Tanganyika na Zanzibar ziliungana Aprili 1964, na jina la Tanzania likaanza kutumika baadaye mwaka huo huo.

Gharama zilikuwa ndogo za fedha. Manila na kalamu za wino mzito nilinunua mwenyewe, maboksi nilipewa dukani. Muda ndio uliokwenda. Nilichelewa kwenye azimio la kazi, na mwalimu wa taaluma aliniuliza zaidi ya mara moja kwa nini bado niko kwenye herufi kubwa. Nilimkaribisha darasani asikilize mchezo wa vikombe na paka. Hakuniuliza tena, ingawa alitaka nifidie vipindi vya kuhesabu, na nilifidia jioni.

Mwezi wa kumi, tukijiandaa na siku ya kumbukumbu ya Nyerere tarehe 14, nilisema darasani kwamba Mwalimu alizaliwa Butiama. Wakaniuliza kama ndiko kwetu. Kitenzi hapa hakina msaada, mwalimu yeyote alizaliwa na Mwalimu naye alizaliwa. Ni herufi peke yake. Nikawaeleza jinsi neno la kazi lilivyogeuka kuwa jina la mtu mmoja ambaye nchi nzima ilimpa. Wiki iliyofuata nikaweka kwenye imla: Jana mwalimu alituambia kuwa Mwalimu alizaliwa Butiama. Nilisoma polepole, mara mbili, bila kuonyesha kwa mkono wala macho. Karibu nusu ya darasa waliipata. Kati ya waliokosa, wengi waliandika M kubwa kote kuwili, na nilipowauliza mmoja alisema ameniongezea na mimi kwa heshima. Hao niliwawekea alama nusu.